Yeye Akanywa wa Mwisho

Siku yenyewe ilianza kwa chai. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia kisa cha namna hii hutaka kianze na mbwa kubweka na taa kuzimika, na hiki hakikuanza hivyo. Yalimkuta jirani yangu, tunayepakana naye ukuta kwa ukuta, fundi sauti wa jumba la makumbusho. Asubuhi ile alikunywa chai yake kwa utulivu, akamwekea mama yake kikombe chake mezani, akabeba mkoba akaenda kazini kama mtu yeyote mwenye bosi.

Kazini walimwita Fundi tu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kitufe cha ukutani kikibonyezwa kinasema kinachotakiwa kusema. Mgeni anasimama mbele ya ngoma kongwe, anabonyeza, ngoma inalia. Anasimama mbele ya ndege waliokaushwa, anabonyeza, ndege wanaimba. Na katika ukumbi mkubwa, mbele ya pipa la maji la Bwana Dira, mgeni alipobonyeza, aliyezungumza alikuwa baba yake Fundi.

Baba huyo alikuwa marehemu. Enzi zake alikuwa mtangazaji wa redio, na mji mzima ulimjua kwa jina la Mzee Sauti. Lakini redio ile ilikuwa na ubahili wake: ilirekodi vipindi vipya juu ya kanda zilezile za zamani, hata maneno yote aliyoyasema maisha yake yote yakafutika. Yakabaki yale ya kwenye pipa. Kila Ijumaa mama yake Fundi, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kumpa mgongo, alikuja na mkongojo wake, akaketi kwenye benchi, akapapasa kitufe, akabonyeza. Wageni walidhani ni bibi anayependa historia. Alikuwa amekuja kumsikiliza mume wake.

Bwana Dira mwenyewe hakuna asiyemjua, maana alikuwa shujaa wa vitabuni. Ndiye aliyevuka jangwa la chumvi kutafuta chanzo cha mto, na sanamu yake ya shaba ilisimama mlangoni, kidole kimenyooshwa mbele, kimeng'aa kwa kushikwashikwa na watoto. Alitoka jangwani peke yake. Wapagazi wake, ilisemekana, waliuawa na homa. Na Mzee Sauti aliisimulia habari hiyo kwa sauti iliyowatoa watu machozi: "Maji yalipobaki kidogo, Bwana Dira alilifungua pipa hili kwa mkono wake mwenyewe. Akawanywesha wapagazi wote, mmoja baada ya mwingine. Yeye akanywa wa mwisho."

Fundi alilelewa na maneno hayo. Wakati wa kula, baba yake ndiye aliyeshika jagi. Alimmiminia mkewe, akawamiminia watoto, akammiminia hata mgeni aliyepita tu kuazima ngazi, kisha akajimiminia yeye. Alikunywa kwa mkupuo mmoja, akaweka glasi mezani, akasema, "Haya." Ilikuwa kama kusema kwamba sasa dunia inaweza kuendelea. Watoto walimwigiza, naye alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa mtu mwema sana, baba yule, na wema wake aliuokota kwa Bwana Dira.

Basi, siku hiyo ya chai, Fundi akaitwa ukumbini na Daktari. Huyu hakuwa daktari wa sindano, ingawa wafanyakazi hawakuchoka kumwomba dawa ya mafua; alikuwa mwanahistoria, mwanamke mwembamba mwenye mdomo mwepesi, aliyekuwa ametoka kuchimba jangwani kwenye kambi ya mwisho ya msafara. Alikuwa amepiga magoti kando ya pipa, taa ndogo mkononi. Safari hii hakutania.

"Dada yangu, njoo uone," akasema. "Halafu unisamehe."

Pipa lile lilikuwa la mbao nzito, lenye mikanda ya chuma, bilula iliyozibwa na kufuli kubwa kwenye kifuniko. Tangu zamani lilijulikana kuwa limetafunwa na panya. Kila mwaka, kabla ya msimu wa shule kuja kutembelea, seremala wa makumbusho aliyajaza mashimo kwa gundi na unga wa mbao, akapaka rangi juu, likapendeza. Hata mitego ya panya iliwekwa pembezoni mwa ukumbi, na haikunasa kitu hata siku moja. Sasa Daktari alikuwa ameiondoa gundi yote.

Fundi aliinama. Mashimo yalizunguka bilula na ukingo wa kifuniko, mamia, yamepandana. Kila moja lilikuwa na upinde wake juu na upinde wake chini.

"Panya hana meno kama haya," Daktari akasema kwa sauti ya chini.

Akaeleza. Kwenye kabati la kioo la pili kulikuwa na kifunguo kidogo kilichoning'inia kwenye mnyororo wa saa ya Bwana Dira, na kibao kikisema "ufunguo wa saa". Wiki iliyopita mtu aliujaribu kwenye kufuli la pipa. Ukaingia, ukazunguka. Ndani, alama ya maji ilifika nusu. Maji yalikuwemo, yalibakia humo humo, yakakauka taratibu baada ya watu kufa. Na jangwani, mifupa ilikutwa imelala kuzunguka mahali pipa liliposimama, mafuvu yote yameelekea katikati.

"Hakuwapa?" Fundi akauliza, kama mtoto.

"Hakuwapa. Aliyahifadhi kwa ajili ya nyumbu wake wa mizigo na vyombo vyake vya kupigia picha. Kaandika mwenyewe kwa fahari, na sisi hatukutaka kusoma." Daktari akazima taa. "Ile rekodi lazima itoke, dada. Najua ni ya nani. Kabla ya Jumatatu uifute yote, hata akiba, maana mkurugenzi ameniapia kwamba ikibaki nakala watairudisha kwenye kitufe. Wanampenda mno mtu wao wa shaba."

Fundi alikubali kwa kichwa. Kabla hajaondoka alipitisha kidole kwenye ukingo wa pipa, pale chini kabisa. Alama moja ilikuwa ndogo kuliko zote. Ilikuwa ya kinywa cha mtoto.

Mchana ule alijifungia ndani ya chumba chake cha kazi, chumba kisicho na dirisha, kilichozibwa sponji ukutani. Akaweka glasi ya maji kando ya kompyuta, akavaa hedifoni, akaifungua rekodi ya baba yake. Hakukusudia kuifuta. Alikusudia kuinakili kwenye flashi, aende nayo nyumbani, kisha aseme amefuta. Mtu anaitwa kumuua baba yake mara ya pili, angefanyaje?

Hakuwa amewahi kuisikiliza kwa hedifoni. Ukumbini kulikuwa na kelele za wageni siku zote. Sasa sauti ya baba ilimjaa masikioni, nzito, ya karibu, kama amekaa naye. Machozi yakamtoka. Akairudisha mwanzo. Mara ya pili akasikia kitu.

Mtu alimeza mate.

Alidhani ni baba yake, anameza kati ya sentensi na sentensi, kama wafanyavyo watangazaji. Akarudisha. Akasikiliza. Mmezo ulikuja baba akiwa katikati ya neno. Koo moja haliwezi kusema na kumeza kwa wakati mmoja.

Akaongeza sauti. Nyuma ya baba palikuwa na pumzi. Si ya mtu mmoja. Ndimi kavu zilibanduka kwenye makaakaa ya vinywa, taratibu, huku na huku, karibu na mbali. "Akawanywesha wapagazi wote," baba akasema. Pumzi zote zikasimama, kama watu walioambiwa wangoje. "Yeye akanywa wa mwisho." Kimya. Kisha zikaanza upya.

Alivua hedifoni. Mkono wake ulitafuta glasi. Ilikuwa tupu. Akajiambia ameyanywa mwenyewe bila kujijua, akatoka, akajaza bombani, akarudi, akaiweka palepale, akamalizia kunakili flashi huku akiitazama skrini tu. Alipogeuka, glasi ilikuwa tupu, imekauka mpaka chini, na midomo yake yeye ilikuwa mikavu.

Wenye akili wangeiacha flashi ile mezani. Fundi aliitia kwenye pochi. Alimwambia Daktari, "Nimeshafuta," na ukumbini kweli alifuta. Nyumbani akaunganisha spika ndogo kando ya kitanda cha mama yake, akamwonyesha kitufe. Mama alikipapasa. Mume wake alipoanza kusema, uso wa bibi yule ulifunguka kama wa bi harusi.

"Sasa sina haja ya kwenda mpaka kule," akasema. "Umeniletea mwenye nyumba nyumbani, mama." Alimwita bintiye mama, kama wazazi wengi wenye mapenzi. Fundi alijifanya anakunja shuka ili asionekane analia.

Siku kadhaa zilipita vizuri. Mimi mwenyewe nilimsikia Mzee Sauti kupitia ukutani, jioni kwa jioni, nikasema moyoni, hebu ona mapenzi. Kisha mama akaanza kuomba maji.

Mwanzo ilikuwa glasi moja zaidi. Halafu jagi. Halafu Fundi akirudi kutoka kazini anakuta glasi zote za nyumbani zimepangwa dirishani, zimejaa, na mama amekaa kitandani midomo imepasuka, anazielekezea uso kama anaziona.

"Mama, kunywa. Mbona hunywi?"

"Nitakunywa," mama akanong'ona. "Kwanza wao."

Fundi aliposikia hivyo alikaa sakafuni. Maneno hayo aliyajua. Baba yake aliyasema miezi yake ya mwisho, akiwa amekonda, anaomba maji usiku na mchana, na yakiletwa anayaweka dirishani. Hospitali walisema uzee umempanda kichwani. Asubuhi aliyofariki walimkuta midomo mikavu, na glasi iliyokuwa imejaa kando yake haina hata tone. Kila mtu alidhani mwenzake ndiye aliyeimwaga.

Alimshika mama yake mikono. Ilikuwa mikavu kama majani. Akamweleza yote: meno, ufunguo, pumzi alizozisikia. Alitegemea mama atashtuka. Mama hakushtuka.

"Baba yako alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Siku ile ya kurekodi walimwambia alishike pipa, apate hisia. Akarudi nyumbani mkono ameukunja hivi, kama ameungua. Akaniambia, 'Mke wangu, lile si la panya.' Kesho yake akaenda kuomba abadilishe maneno. Mkurugenzi wa wakati huo akamcheka. 'Mzee, unataka kutuulia shujaa?' Basi akanyamaza. Tulikuwa na nyinyi wa kulisha. Lakini hakuwa na raha tena na maji."

Nje watoto walikuwa wakicheza mpira, wakigombana kama kawaida. Mama alisogea karibu na sikio la bintiye.

"Kila mara watu wanapobonyeza, baba yako anawaambia wale watu kwamba wameshakunywa. Na hawajanywa. Na yeye yuko nao humo ndani, kwenye foleni." Akavuta pumzi kwa shida. "Hawezi kunywa kabla yao. Unamjua baba yako."

Fundi akaichomoa flashi kwenye spika. Ilikuwa ya moto. Akaiunganisha kwenye kompyuta yake, kidole kikasimama juu ya kitufe cha kufuta, kikakataa kushuka. Ndiyo ya mwisho hii. Baada ya hii hatakuwa na baba hata wa kusikia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, nami nikamsikia ukutani nikadhani bibi amefariki.

"Nipe hivyo vidude vya masikioni," mama akasema.

Fundi akamvalisha hedifoni. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwanzo alitabasamu. Kisha tabasamu likaondoka kidogo kidogo. Vidole vyake vikaanza kusugua goti. Rekodi ilikwisha, naye akaendelea kusikiliza kimya kile kinachofuata, muda mrefu.

"Nimemsikia," akasema. "Si yule anayesema. Yule wa nyuma. Ulimi wake, mama. Mume wangu ana kiu."

Akanyoosha mkono. Fundi alielewa, akakiongoza kidole cha mama yake mpaka kwenye kitufe. Wakabonyeza pamoja. Mzee Sauti akafutika, na chumba kikawa kimya kama nyumba iliyohamwa.

Siku iliyofuata Fundi alimwungamia Daktari kila kitu, akiwa tayari kufukuzwa. Daktari alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo kwake lilikuwa muujiza.

"Mimi mambo hayo siyaamini," akasema mwishowe. "Nani atasoma maneno mapya?"

"Mimi."

Akayasoma alasiri ile, kwenye chumba kisicho na dirisha. Hayakuwa mengi. "Pipa hili lilikuwa na maji. Bwana Dira alilifunga kwa kufuli. Wapagazi wake walikufa kwa kiu wakilitazama, na mtoto mmoja akiwa miongoni mwao. Hizi ni alama za meno yao. Hawakupewa. Sisi tuliwaambia watu kwamba walipewa." Jioni, milango ikikaribia kufungwa, alikuja ukumbini na ndoo kubwa ya maji na kata ya kuchotea, na glasi ya baba yake. Akaviweka chini ya bilula ya pipa. Maji karibu na vitu vya kale ni marufuku; hata chupa ya mgeni huachwa mlangoni. Daktari aliyekuwa amesimama pale alitazama dari.

"Mimi sijaona kitu," akasema, akaenda zake.

Asubuhi, Fundi alikuja amemshika mama yake mkono. Daktari alikuwa ameshatangulia. Amesimama mbali na pipa, mikono amejikumbatia.

Ndoo ilikuwa tupu. Sakafu ilikuwa kavu. Kata ilikuwa imeegemezwa vizuri ukutani, kama iliyowekwa na mtu aliyefundishwa adabu. Lakini glasi ya baba ilikuwa imejaa vilevile, pomoni, haijaguswa.

Fundi aliiinamia glasi ile. "Hakuja," akasema.

"Nipeleke kwenye kitufe," mama akasema.

Akambonyezesha. Sauti ya Fundi ikajaa ukumbini, ngeni kwake mwenyewe. Pipa hili lilikuwa na maji. Wakasimama watatu wakisikiliza. Walikufa kwa kiu. Hewa ilikuwa nzito. Hawakupewa. Spika ikafikia neno la mwisho, ikanyamaza.

Kisha ndani ya kimya kile mtu akanywa. Mkupuo mmoja, mrefu, wa mtu aliyengoja sana. Glasi ikagota.

"Haya," baba akasema.

Daktari alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Fundi alitazama chini. Glasi ilikuwa tupu, na kwenye ukingo wake palikuwa na unyevu wa mdomo, ukikauka. Mama hakutazama, maana hakuwa na macho ya kutazamia. Alisimama tu, shavu limeelekea kwenye spika, akingoja neno la pili. Halikuja la pili.

"Hata jina langu hakuniita," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Nyumbani bibi yule alikunywa maji jagi zima, akalala, akapona. Kwenye makumbusho sanamu ya shaba bado ipo mlangoni, ila watoto hawakishiki tena kidole. Neno lile la baba limebaki. Fundi amelitafuta kwenye kompyuta mara nyingi: baada ya maneno yake mstari wa sauti umelala, hauna hata kikwaruzo. Lakini ukumbini linasikika, na wageni huandika malalamiko kwamba kuna mzee anadakia mwishoni. Daktari huyasoma na kuyachana.

Mama anakwenda kila Ijumaa, kama zamani. Anaketi kwenye benchi, anapapasa, anabonyeza, anasikiliza habari yote ya wale watu mpaka mwisho, kisha anangoja.

"Haya," mume wake anasema.

Naye anatafuta mkongojo wake, ananyanyuka, anaenda zake nyumbani.